Ua la Upande wa Barabara

Ua ninalolikumbuka halina harufu nzuri, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akadhani naandika juu ya waridi. Linanuka tangawizi iliyoanza kuoza, na chini ya tangawizi hiyo kuna harufu ya uyoga na ya udongo uliokaa kivulini muda mrefu. Wiki chache zilizopita, hapa Bukavu ninapoishi, jirani yangu alimwaga maganda ya tangawizi nyuma ya jiko lake, mvua ikayanyeshea usiku kucha, na asubuhi nilipofungua mlango nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Watoto waliniuliza nina nini. Nikawaambia sina kitu, kwa sababu sisi watu wa umri wangu ndivyo tulivyozoea kujibu.

Lilikuwa ua la msituni, la misitu ya Kisangani, na si misitu yote. Lilipenda kipande kimoja tu nyuma ya vijiji vya barabara ya Bangboka, na kipande kingine upande wa Yanonge, huko mtoni alikotoka mama yangu. Ukitoka hapo hulioni tena. Ndugu za Papa waliwahi kubeba viazi vyake hadi Kindu, wakavipanda kivulini na kuvimwagilia kwa adabu zote, vikaoza. Jina lake la Kiswahili sijalisikia maishani mwangu. Koko, bibi yangu mzaa mama, alikuwa na jina lake katika lugha ya mtoni, nami nimelisahau. Pale nyumbani Kabondo, mjini Kisangani, tulisema tu ua ya mapasa, yaani ua la mapacha.

Tulikuwa nayo mawili, moja kila upande wa mlango. La upande wa jikoni lilikuwa langu. La upande wa barabara lilikuwa la Mbo.

Kwa watu wa mama, mapacha si watoto wa kawaida. Wakizaliwa, bibi yao huingia msituni, huchimba kiazi kimoja cha ua hilo, hukikata katikati na kupanda nusu huku na nusu kule, ili watoto waotao mlangoni wawe wametoka mahali pamoja kama wale waliomo ndani. Kisha watoto hupewa majina ambayo mapacha wa huko hupewa, Mbo na Mpia. Mimi ni Mpia. Kuanzia siku hiyo kila kitu lazima kiwe sawa. Kitambaa cha gauni hukatwa kutoka kipande kimoja, mkate ukinunuliwa hununuliwa miwili, na mmoja akichapwa, mwenzake naye huguswa kidogo na fimbo asije akaona wivu. Mbo alikuwa mtundu kuliko mimi, kwa hiyo nilikula fimbo nyingi ambazo sikuzitafuta. Alipokuwa akichapwa hakulia. Alinitazama mimi niliyekuwa nangoja zamu yangu, akacheka.

Papa alitoka Maniema. Alikuwa Mwislamu mpole, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na kazi yake ilikuwa kupakua mizigo ya ndege kule Bangboka. Alikwenda kwa baiskeli kila siku ya kazi na kurudi kwa baiskeli, na suruali yake ilikuwa na alama ya mafuta ya mnyororo ambayo Mama hakuiweza kwa sabuni yoyote. Mambo ya mapacha yalimchosha. Alikuwa akisema, "Hii mambo ya watu ya mto inachokesha mutu," na baada ya kusema hivyo alitoa mfukoni peremende mbili za rangi moja. Kama dukani ilibaki peremende moja, alirudi mikono mitupu.

Ua lile lilikuwa na tabia moja iliyonisumbua sana. Mvua zilipopungua lilikauka, majani yakaanguka, na siku chache baadaye ukitazama hukuona hata kisiki. Palibaki udongo mtupu, kuku wakachakura juu yake. Mara ya kwanza nilipoliona hilo kwa akili yangu nilikwenda kwa Koko nikiwa nimekunja uso, nikamwuliza kama ua langu limekufa.

"Haikufa," akasema. "Iko chini, inalala. Mvua ikikuja itarudia."

Na kweli lilirudi. Mvua zilipoanza, kidole cheusi kilitoka ardhini, kikafunguka, likawa ua la rangi ya zambarau iliyokolea, lenye manjano kooni, limekaa juu ya udongo bila jani hata moja. Majani yalikuja baadaye, mapana, yenye madoadoa meupe. Mimi na Mbo tulilala kifudifudi kila mmoja mbele ya lake tukashindana la nani limefunguka zaidi. Mbo alikuwa anasaidia lake kwa kucha.

Kisha surua ikaingia Kabondo. Ilipita nyumba kwa nyumba kama mtu anayedai kodi, na ilipofika kwetu ilitukuta wote wawili juu ya mkeka mmoja. Mama aliziba dirisha kwa blanketi kwa sababu mwanga ulituumiza macho. Ninachokumbuka ni giza, harufu ya mawese tuliyopakwa mwilini, na mguu wa Mbo, wa moto, ukiwa juu ya mguu wangu. Nilimwambia autoe. Hakuutoa. Baada ya hapo kumbukumbu zangu zinakatika, na zinapoanza tena mguu haupo.

Kilichoniamsha ni nyimbo. Koko alinifunga mgongoni akanitoa nje, na uani nikaona karamu. Wanawake wa upande wa mama walikuwa wamejaa, wamejipaka pemba, ule udongo mweupe, usoni na mikononi, wanaimba nyimbo za mapacha. Nyimbo zenyewe ni za matusi, za mambo ya waume na wake ambayo mtoto akiyatamka siku nyingine anapigwa kofi la mdomo. Siku hiyo yaliimbwa kwa sauti ya juu na watu wakicheka. Mama alikuwa katikati yao, anacheza. Uso wake ulikuwa mweupe kabisa kwa pemba, na macho aliyafungua sana, hayapepesi, kama mtu aliyeambiwa asifumbe.

"Koko, Mbo iko wapi?"

"Alienda pori, kutafuta kuni."

"Na nani?"

"Yeye peke. Atarudia."

Nilimkasirikia Mbo. Kuondoka kwenda kutafuta kuni siku ya karamu ulikuwa ujinga ambao hata kwake ulizidi. Nilipotazama huku na huku nikamwona Papa. Hakucheza. Alikuwa amekaa chini nyuma ya nyumba, baiskeli yake imegeuzwa matairi juu, anazungusha pedali kwa mkono. Nilidhani anatengeneza mnyororo.

Wewe unayesoma umekwisha kuelewa, mimi ilinichukua miaka. Mbo alikuwa amezikwa asubuhi ya siku ile. Lakini kwa watu wa mama pacha hasemwi kwamba amekufa. Anasemwa ameenda kutafuta kuni, na haliliwi. Watu wanaimba na kucheka, kwa sababu yule aliyebaki akisikia kilio atajua mwenzake yuko wapi na atamfuata. Wala hazikwi makaburini pamoja na wengine. Papa, ambaye alitaka mtoto wake alale makaburi ya Waislamu, alishindana na wakwe zake alfajiri yote, akashindwa. Alichopata ni kwamba Mbo aoshwe na asaliwe kwanza. Kisha yeye na Koko walimpeleka wenyewe, kwenye kile kipande cha msitu kilicho nyuma ya barabara ya Bangboka, mahali ambapo ua lile linaota lenyewe. Haya niliyajua nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba dada yangu amechelewa.

Nilikuwa na kila sababu ya kuamini. Usawa haukuvunjika hata siku moja. Mama alipopakua, alipakua sahani mbili. "Ya Mbo muweke pale," alisema, na lituma ya Mbo, zile ndizi za kupondwa, na samaki wa Mbo vikawekwa kando vikafunikwa. Nilipolala kulikuwa na chakula, nilipoamka hakikuwepo. Nilijua basi kwamba Mbo huja nikiwa usingizini, anakula, anaondoka. Kumbe Mama alikuwa akienda kuvimwaga kwenye udongo wa upande wa barabara, na ndiyo maana kuku walipapenda pale. Gauni jipya lilishonwa, na pacha wake likatundikwa msumarini. Lilipokuwa dogo kwangu, lile la msumarini nalo liligawiwa, halijavaliwa, na mengine mawili yakashonwa. Mtoto anayetunzwa kwa kiasi hicho hawezi kuwa hayupo. Hata leo sijui kama hiyo ilikuwa huruma au ukatili.

Mvua zikapungua. Maua yote mawili yakaingia ardhini, na mimi nikaunganisha mambo. Koko alisema ua litarudi mvua zikija. Koko huyohuyo alisema Mbo atarudi. Kwa hiyo Mbo atarudi mvua zikija, ua lake litakapotoka. Sikumwuliza mtu, kwani jambo lilikuwa wazi. Nilianza kwenda asubuhi kabla ya kunawa uso kutazama udongo wa upande wa barabara, na kuku nikawafukuza.

Wale wa rika langu wanaikumbuka salongo. Jumamosi watu wote walitoka na majembe na mapanga kufanya kazi ya usafi kwa jina la taifa, utake usitake. Kwa kawaida ilikuwa kufyeka mfereji na kuzungumza. Lakini safari hiyo mkubwa mmoja wa chama alikuwa anatarajiwa kutoka Kinshasa, ndege yake ingetua Bangboka na gari lake lingepita kwetu, hivyo mkuu wa avenue, yaani mtaa wetu, alipita nyumba hadi nyumba akitoa amri. Hakutaka kuona jani upande wa barabara. Nyumba zote ziwe na ardhi nyekundu, safi, iliyolimwa na kufagiliwa.

Mama alikuwa ameenda sokoni. Papa alichukua jembe. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikimtazama, na ninaliona jembe lile mpaka sasa, mpini wake mweusi kwa jasho. Upande wa jikoni hakuugusa kwa sababu haukuonekana kutoka barabarani. Upande wa barabara aliulima wote, vizuri, kwa bidii ya mtu anayetaka kumaliza. Mtu wa mtoni asingefanya hivyo. Mtu wa mtoni anajua mahali pasipo kitu pana kitu. Papa alitoka Maniema, na kwake ua lilikuwa kile unachokiona. Alilima, akafagia, akaenda kuosha jembe, na mimi niliyekuwa nikilinda pale kila asubuhi sikusema neno, kwani sikujua kama kiazi kinaweza kukatwa. Nilifikiri kitu kilicholala chini kimelala mbali sana.

Mama aliporudi alishusha beseni kichwani akasimama. Aliinama akaokota vipande, akavipangusa. Ndani vilikuwa vyeupe kama muhogo.

"Nani alilima hapa?"

"Mimi," Papa akasema. "Walisema majani yote itoke. Hapakuwa kitu, ilikuwa udongo tu."

"Ilikuwa inalala."

Papa alitazama vile vipande. Nilimwona akielewa, shingo yake ndefu ilishuka. "Sikujua, mama ya mapasa. Kweli, sikujua."

Mama hakupiga kelele. Wanawake wengine wa avenue wangewatoa waume zao roho kwa kosa dogo kuliko hilo, lakini ugomvi huzaa machozi, na Mama alikuwa amejikataza machozi. Alichosema alikisema polepole, akinitazama mimi, si Papa. "Mvua inakaribia. Ya huyu itatoka, na ya mwingine haitatoka. Donc, basi, huyu naye..." Hakumaliza. Alinivuta akanibana mapajani mwake mpaka nikaumia. "Kesho utatupeleka."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Hakukuwa na kitu kingine kwenye mizani. Kwa Mama, nusu ya mlango isiyo na ua ilikuwa njia iliyoachwa wazi, na mimi ningeipita kumfuata mwenzangu. Kiazi kingine kilipaswa kupatikana kutoka mahali alipo Mbo, kipandwe kabla langu halijatoka. Kwangu mimi ilikuwa habari njema kuliko zote. Tunakwenda msituni, kuni ziko msituni, Mbo yuko kwenye kuni. Nilibeba gauni lake.

Papa alituchukua wote kwa baiskeli, mimi mbele juu ya bomba, Mama nyuma juu ya kiti cha mizigo. Tulipita njia yake ya kazi. Kila tulipokutana na wenzake walimpigia kengele naye hakujibu. Nyumba zikaisha, yakaja mashamba ya muhogo, kisha kimya. Papa aliiegemeza baiskeli kwenye mti akatangulia kwenye kijia, anatazama chini, na nikashangaa kwamba anaijua njia, yeye ambaye kila siku alisema msitu si mahali pa mtu mwenye akili.

Ndani kulikuwa na baridi. Mvua, ambayo mjini ilikuwa haijaanza, ilikuwa tayari imeanza huko, majani yalidondosha maji shingoni. Nililisikia ua kabla ya kuliona, ile tangawizi na ule uyoga. Halafu tukafika. Yalikuwa mengi, ya zambarau, bila majani, yametapakaa chini ya miti kwenye giza lile la mchana, sijawahi kuona kitu kizuri na kibaya kiasi hicho kwa pamoja. Katikati yake ardhi ilikuwa imeinuka kidogo, na juu ya mwinuko ule palikuwa na mzigo mdogo wa kuni. Vijiti vyembamba, vimefungwa kwa kamba ya mti, mzigo wa kiasi cha kichwa cha mtoto. Koko aliuweka siku ile, kama inavyotakiwa.

Niliwatazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda mabishano.

"Mama, angalia, kuni ya Mbo. Iko karibu." Kisha nikaita, kwa sauti yangu yote, kuelekea kwenye miti. "Mbo. Mbo, kuya. Tunarudia nyumbani. Nilikuletea robe yako."

Nilinyamaza ili nisikie jibu, na nilichosikia kilitoka nyuma yangu. Mama alikuwa amepiga magoti. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu ninayemjua. Ilianzia chini, nene, ikapanda, na ilipofika juu ilikatika ghafla, kwa sababu Papa alikuwa amemrukia na kumziba mdomo kwa mkono.

Papa, ambaye mambo ya watu wa mto yalimchosha. Alimkumbatia kwa nyuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, ule mkubwa wa kubebea mizigo, alimkandamiza mdomo mpaka mashavu yakajikunja. "Nyamaza, mama ya mapasa," alikuwa anasema sikioni mwake. "Nyamaza, nyamaza. Huyu moja anasikia." Macho ya Mama juu ya vidole vile yalikuwa yananitazama, na machozi yalitiririka juu ya mkono wa Papa yakaingia kwenye mkono wa shati lake.

"Papa, ana nini?"

"Siafu," Papa akasema. "Siafu ilimuuma. Ni siafu tu."

Niliamini. Niliinama nikaanza kuwatafuta siafu miguuni mwa Mama, nikawapangusa, nikawapiga kwa gauni la Mbo, nami sikumwona hata mmoja, lakini siafu wanajua kujificha. Nikamwambia basi, wamekwisha.

Mama alichimba kiazi kwa panga fupi, pembeni mwa ule mwinuko, akakifunga kwenye jani. Nilimwuliza kwa nini hatumngoji Mbo wakati kuni zake ziko pale. Alijibu kwa sauti iliyopasuka.

"Hajamaliza. Bado anakusanya."

Niliacha gauni juu ya zile kuni, ili alikute. Wote wawili waliniona nikiliacha na hakuna aliyenikataza. Njiani nilikipakata kile kiazi, kilikuwa na baridi na uzito wa yai, na mikono yangu ilinuka tangawizi siku nzima.

Mvua zikafika mjini. Langu likatoka, na siku chache baadaye lile la upande wa barabara likatoka, dogo, rangi yake hafifu. Nikakaa kizingitini nikiitazama barabara. Palipita akina mama wa sokoni, palipita wanafunzi, palipita gari la yule mkubwa wa chama na matope yake, nasi tukapiga makofi kama tulivyofundishwa. Mbo hakupita. Ua likanyauka.

Katika mvua hizohizo nikapata homa. Ilikuwa malaria, na Papa alisema hivyo mara nyingi: "Watoto yote ya avenue iko na malaria. Yote." Lakini Mama alijua ni nini. Alijua kwamba amelia, na kwamba nilikuwepo, na kwamba nilisikia. "Ni mulio yangu," alimwambia Papa. Aliweka kigoda mlangoni akakaa hapo katikati ya maua mawili, mgongo wake ukiwa kwangu na uso wake nje, miguu ameitanua, ili anayetaka kutoka ampite yeye kwanza. Papa alinipeleka zahanati kwenye baiskeli, nikachomwa sindano, nikapona. Papa alimshukuru Mungu na sindano. Mama hakushukuru mtu. Alikuwa amefanya mkataba wake pale kwenye kigoda, na aliushika.

Sikumwona akilia tena. Koko alipokufa, wanawake wakajitupa chini, Mama alipika chai ya waombolezaji. Papa alipokufa, wakati Zaire yenyewe ilikuwa inakaribia kufa na kule Bangboka hapakuwa tena na mshahara wala mizigo, alimfunga kidevu mwenyewe kwa mikono isiyotetemeka, akaenda kumwita imamu. Watu walisema maneno. Mwanamke wa macho makavu, walimwita, na wako waliosema mtu asiyemlilia mumewe anajua alichomfanyia. Alisikia yote. Alikuwa anahesabu kila chozi kama kitu ambacho kingetolewa kwangu.

Kwangu hakuna siku niliyoambiwa. Nilielewa kidogo kidogo na bila kupenda, kwa maneno ya watoto shuleni, kwa sahani ya pili ambayo siku moja haikupakuliwa na hakuna aliyesema kitu, nami sikuuliza. Nitasema ukweli wangu. Nilimwonea Mama hasira miaka mingi. Nilikuwa na dada ambaye mguu wake ulikuwa juu ya wangu, na nikanyimwa nafasi ya kumlilia wakati machozi ya mtoto yalipokuwa mengi na rahisi. Sasa yamekuwa mazito, hayatoki, na yakitoka sijui ni ya nani. Vilevile niliona aibu ya kuishi. Nilipofaulu mtihani, nilipoolewa, nilipozaa, nilijiona kama mtu anayekula sahani mbili.

Nilikuwa Bukavu nilipoletewa habari kwamba Mama amezidiwa. Nilifika mchana, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nyumba ya Kabondo ilikuwa imeinamia upande mmoja, lakini mlangoni maua yote mawili yalikuwa wazi, la jikoni na la barabara, na ile harufu ilinipokea kabla ya watu. Mwanamke jirani aliyekuwa akimwuguza alininong'oneza kwamba Mama hatambui mtu tena, nisiumie. Niliingia. Alikuwa mdogo kitandani, uso umeelekea mlangoni. Nilisimama nikiwa na mwanga nyuma yangu, naye alinitazama kwa muda mrefu, na macho yake, yaleyale yaliyokatazwa kufumba, yakatafuta kitu usoni mwangu yakakipata.

"Mbo," akasema. "Ulirudia?"

Nilitaka kumwambia ni mimi, Mpia, yule aliyebaki, yule uliyemnyamazia. Nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Nilirudia, mama."

"Ulikawia sana."

"Kuni zilikuwa mbali."

"Na uliziweka wapi?"

"Inje. Upande wa barabara."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mama yeyote ambaye mtoto amerudi kabla jiko halijazimika. Halafu mdomo wake ukaanza kutetemeka, na ile sauti ya msituni ikaanza kumtoka, kutoka chini, nene, inapanda. Mkono wangu uliinuka wenyewe kuelekea mdomoni mwake. Niliushusha, nikaushika wake, nikamwacha Mama alie mpaka ashibe.